Kocha Mkuu Akifukuzwa

Mume wangu Idrisa, mjukuu wangu wa kwanza,

Kalamu kashika dada yako Mariamu, maneno ni yangu. Nimemwambia asinipambie. Nikisema mjinga, aandike mjinga.

Jumapili ulipiga simu kutoka huko Marekani ukauliza, "Bibi, nirudi London?" Ulisema Kiswahili kitupu, hukuchanganya Kizungu hata neno moja, nikajua jambo ni zito. Nikajifanya sikusikii, nikampa Mariamu simu. Ningefungua mdomo ningesema panda ndege leo, na hizo hizo kandambili.

Nimekukumbuka mpaka naumwa. Tramu ikipita pale uwanjani, hapa kwetu Croydon, nageuza shingo, kama vile bado uko na wenzako, mmevaa helmeti za ule mpira wa Kimarekani, mnagongana vichwa kama mbuzi dume. Goti lilipovunjika nilikukanda huku nikikutukana. Nikasema afadhali, mchezo umekwisha. Wewe ukarudi kule na magongo, ukawa unawapangia wenzako koni za mazoezi na kuwafokea. Nikamwambia mama yako, huyu tumempoteza.

Ukaenda Marekani kusaidia kufundisha, kwanza chuo kile cha porini, ukalala chumba cha mashine za kufulia. Kisha timu kubwa ikakuchukua ukae gizani unakata video za mechi. Mwisho wakakukabidhi wale wanene wa mstari wa mbele uwafundishe, wale ambao mpira hawaushiki, kazi yao kumkinga mwenzao asiangushwe. Idi ile uliyokuja ulinisimamisha sebuleni. "Bibi, usiangalie mpira. Angalia miguu yao." Ukanisukuma kwa mto wa kochi, nami nikakusukuma, ukakalia sinia la visheti. Ukasema, "Mke wangu, nikusajili?"

Basi tangu hapo naangalia miguu, na nakutafuta wewe. Kamera hainipi. Inampa kocha mkuu wenu, uso kama kala ndimu. Kwako napata bega na kofia, basi.

Na mlivyokuwa mkifungwa! Kila mechi nikawa nampigia kelele yule mzee: "Mtoeni huyo, mtoeni!" Siku Mariamu aliposoma kwenye simu kwamba katolewa, nilipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Mariamu akanishika mkono.

"Bibi, kule kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wanaondoka naye. Na Idrisa pia."

"Idrisa kafanya nini?"

"Hajafanya kitu. Kazi yao ndivyo ilivyo."

Kumbe nimempigia vigelegele mjukuu wangu afukuzwe. Kazi gani hiyo, unafungishwa virago kwa makosa ya mtu mwingine?

Sasa umekaa katikati ya maboksi. Chuo kidogo kwenye mji wa theluji kinakuita ukafundishe wanene wake, nawe unaona unarudishwa nyuma. Mama yako anasema rudi, kuna kazi ya ofisi hapa hapa Croydon. Mimi kitanda chako nimeshakitandika. Nimekitandika, nikakaa juu yake, nikalia. Mariamu, andika, ya nini kuficha.

Halafu Mariamu akanionyesha ile picha ya siku uliyowaaga wachezaji wako. Wanaume wakubwa kama makabati wamekuzunguka, mmoja kakuinamia begani analia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Niliitazama sana. Watu hawamlilii hivyo mtu anayewapotezea muda.

Jibu langu ndilo hili. Mchezo ukikuchosha, rudi, mlango uko wazi. Lakini ukirudi kwa ajili ya bibi, nitakufungia nje, na baridi hii ya London unaijua. Nakutaka hapa. Nikitia chai nakutaka, nikimaliza kusali nakutaka. Ila sitaki uje ukae ofisini, jioni unanitazama kimya, nami najua kwa nini.

Nenda, baba. Hao wa chuoni nao wana miguu ya kunyooshwa. Vaa soksi mbili mbili. Ukifika piga simu. Nitakulaumu kwa kwenda, tena kwa sauti, na wewe uniache nimalize. Kisha unitajie majina ya hao vijana, mmoja mmoja, nianze kuwaombea.

Nakuaga kwa mikono miwili,

Bibi yako, aliyemzaa mama yako