Ludwik, Aliyekagua Vikapu vya Uyoga

“Mguu wake uko wapi?” ndivyo nilivyomuuliza jirani yetu Teofil asubuhi hii, mimi huku uzioni, yeye kule. Akanijibu kwamba mguu wa uyoga umebaki msituni, yeye hukata uyoga kwa kisu kama watu wastaarabu. Mwaka umekatika tangu ututoke, Ludwik, na kazi yako imeniangukia mimi.

Vuli ikiingia, kijiji kizima kikitoka msituni kilipitia kwetu. Ulimwaga kikapu mezani, ukanusa, ukageuza, ukachungulia shinani kama kuna kile kikombe cheupe cha uyoga wenye sumu. Huu safi, huu safi, huu mpelekee mama mkwe. Mimi nikikaanga vitunguu huku nikipata habari za nani kamwacha nani. Hukumcheka asiyejua. Ila aliyekata uyoga wa kijani juu ya shina ulimnyang’anya bila samahani, maana kikombe hubaki ardhini, sumu ikaja na kofia.

Siku hizi wanapita na vikapu wala hawasimami. Nami situlii. Nikilala nashtuka, kukipambazuka niko dirishani, naangalia mabomba ya moshi nijue nani kaamka, nani bado. Binti yako Jadwiga anasema nitarukwa na akili. Huenda.

Anayenikosesha raha zaidi ni Teofil. Tangu afiwe na mkewe anakula peke yake. Akizidiwa, nani atajua? Leo pale uzioni akashikilia kwamba ule wa kijani kikapuni mwake ni mzuri, anaujua tangu utoto, na jioni ataukaanga kwa malai.

“Ludwik angeula,” akasema.

“Ludwik angeumwaga.”

“Wewe si Ludwik, shemeji.”

Hapo alinipata. Wewe ungechagua. Mimi sijui kuchagua, basi nikamnyang’anya kikapu, nikaukanyaga wote matopeni mbele yake, mzuri na mbaya, mpaka buti zikabadilika rangi.

Haipiti siku bila wewe kutajwa katika nyumba hii, na sahani zikiwa nyingi mezani ndiyo zaidi. Tunaokutaja ni mimi mkeo Regina, Jadwiga na mumewe Bronek, na wajukuu zako Kostek na Tosia. Teofil nimemwongeza bila kumuuliza, maana alibaki pale uzioni na kikapu kitupu, kanuna, mpaka nilipomwambia: “Ingia ule, Teofil. Utaendelea kununia mezani.”