Saa ya Vifungo Viwili

Jumamosi, 3 Mei
Mama mkwe kafika, atakaa nasi mwezi mzima. Sawa. Jioni tukiwa mezani, kitu kikalia mkononi mwake, mlio wa nyenje aliyefungiwa kwenye kopo. Kijiko nusura kinidondoke. Saa ya kengele! Ya kutia ufunguo, vifungo viwili ubavuni: kimoja cha saa, kingine cha kengele. Uso umegeuka rangi ya chai na hakuna fundi aliyewahi kuugusa. Kiwanda chake kilikufa zamani, ndiyo maana wakusanyaji wa saa wanazipita hizi wakikimbilia majina makubwa. Mimi nazitafuta miaka. Yeye kaukaza mkanda mpaka ngozi imekunjamana. Akainuka, akameza dawa yake ya presha, akarudi kula. Mimi hamu ya chakula imeniisha.

Jumapili, 4 Mei
Ulimi wangu utaniponza. Nimemsimulia daktari wa meno, mkusanyaji mwenzangu. Huyu huyu aliyekuwa akiziita saa za makarani! Leo anauliza mama anapenda matunda gani, aje kumsalimia. Mjinga ni mimi.

Jumatano, 7 Mei
Mtu hamwombi mkwe saa. Basi nikazungukia mbali. Nikamwambia, huku natazama sahani, kwamba saa yake ni nzuri, kwamba zimebaki chache. Akatabasamu, akajibu kwamba ameshiba. Mjanja huyu mama! Kisha akafungulia redio mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Mke wangu kanicheka. Eti mimi huongea na kola ya shati langu, nani atanielewa.

Ijumaa, 9 Mei
Nimemnunulia mama saa mpya ya betri. Tarakimu kubwa, kengele ya kuamsha mtaa. Akiipenda hii, ile atakuwa hana kazi nayo – ndiyo hesabu yangu. Mke wangu kaigeuzageuza, kasema zawadi hii ina mkia. Mama kashukuru vizuri, kaiweka mezani. Saa moja jioni ikalia, ikalia, yeye kando yake anashona kifungo, hata hakupepesa jicho. Ile kuukuu ilipolia mkononi, akainuka mara moja! Dharau gani hii? Nimekasirika hadi nikaenda kuosha gari. Gari lisilo chafu. Gizani.

Jumapili, 11 Mei
Daktari wa meno kaja na machungwa. Kakaa uso kwa uso na mama, sauti ya kunadi ng'ombe, mdomo wazi vile anavyowaamuru wagonjwa wake. Wakacheka mpaka mama akafuta machozi. Mimi hajawahi kucheka nami hivyo. Saa ikavuliwa, jamaa akaishika, akaipima uzito. Nikatoka nje, nikasimama karibu na mapipa ya taka. Sikuwa na kazi huko.

Mgeni alipoondoka, mama akanifuata na saa kiganjani.

"Chukua, baba. Siku zote hizi macho yako hayatoki mkononi mwangu. Afadhali ikae humu ndani kuliko kwa mgeni."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Yangu! Naandika huku naisikiliza; kengele ilikuwa imeisha ufunguo, nimeitia sasa hivi.

Jumatatu, 12 Mei
Saa moja asubuhi. Mke wangu keshaondoka. Saa imelia mkononi mwangu – na si kulia tu, inatetemeka hadi kwenye kiwiko. Ile ya betri nayo inapiga kelele mezani. Mama yuko dirishani, kanipa mgongo. Nikasema, mama, dawa. Kimya. Nikaita kwa nguvu. Kimya. Nikaupiga mlango kofi. Nikachungulia kikopo chake cha dawa: kidonge cha jana jioni bado kimo.

Hasikii. Tangu lini? Hata binti yake hajui. Kutwa nawapima watu macho dukani, na hili sikuliona! Nikadhani ujanja. Nikadhani dharau.

Nikimrudishia, atajua kwamba nimejua, naye kajificha muda wote huu. Nisipomrudishia – hapana. Na bado naitaka, Mungu anisamehe, naitaka sana. Nitasema nini? Kwamba inanibana mkono?

Naandika nimesimama, daftari juu ya friji. Mkanda nimeshaufungua. Yeye anatazama nje, anaupapasa mkono wake mtupu. Ile ya mezani bado inalia.