Mume Wangu Ni Refa, na Huinyima Timu Yangu Mapumziko

Bi Madina, pole na kazi. Nisaidie mwenzako, maana akili zangu zimefika ukingoni na hapa Garsen sina wa kumwambia, kila mtu ni shemeji au mzazi wa mwanafunzi.

Mimi ni mwalimu katika shule ya bweni ya wasichana na ndiye kocha wao wa mpira wa vikapu, na mume wangu, baba Hope, ndiye refa anayetegemewa huku, kwa hiyo mara nyingi tunakutana uwanjani, mimi kwenye benchi yeye na filimbi. Makocha wengine wakitaka yale mapumziko ya dakika moja humpungia tu mkono, wengine hata hawainuki kitini, naye mpira ukitoka tu anawapa, lakini mimi nikiomba hugeuza uso kama hanijui, na nikimuuliza nyumbani anasema, “Mama Hope, nikikupa wewe watasema filimbi yangu inapulizwa jikoni.” Nilivumilia, nikasema ni haki yake kulinda jina lake, hata mechi tulizopoteza nilizimeza.

Sasa mwezi uliopita, jua la saa nane, msichana wangu Huka akaanza kuchechemea, nikasimama nikampungia baba Hope mkono, mpira ukatoka, akaniona, Bi Madina, tulitazamana macho kwa macho, akaurudisha mpira mchezoni, nikapiga kelele hadi sauti ikakauka, mpira ukatoka tena, akanipita, na Huka ni mtoto asiyejua kusema nimechoka, akaruka kuwania mpira chini ya kikapu, akaanguka na goti likageuka upande. Daktari anasema atatembea, lakini kucheza asahau. Baba yake, Mzee Jilo, mfugaji wa Chewele, niliyembembeleza muhula mzima ndipo akakubali bintiye avae jezi, alikuja kumchukua, na hakunifokea, alisema tu, “Mwalimu, mimi nilikupa mtoto mzima.”

Tangu siku hiyo nyumbani tunaongea kupitia kwa Hope. Yeye anasema alifuata sheria, kocha haombi kwa refa. Jumamosi ijayo tuna fainali Bura na aliyepangiwa kuchezesha ni yeye. Je, niiache timu, ama nimwache yeye nirudi kwa mama yangu huko Kau? Nimechoka kulala na mtu ninayemchukia hata anavyokohoa.

Mke wa Refa

BI MADINA ANAJIBU

Mwanangu, pole. Kauli ya Mzee Jilo imenitoa machozi, kwa hiyo sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Nimemuuliza mtu aliyechezesha mchezo huo kwa muda mrefu. Anasema kocha huenda mezani kwa karani anayeandika alama, humwambia anataka mapumziko, na mpira ukisimama karani ndiye anayepiga king'ora, refa akapuliza filimbi. Hata kumtoa mchezaji, anayeingia badala yake hupitia meza hiyo hiyo. Basi mumeo anasema kweli, na bado ana makosa. Sheria aliyoikumbuka kwako aliisahau kwa wote waliompungia mkono. Hiyo si haki, ni woga. Anamwonea mkewe ili watu wamsifu. Tena refa akiona mtoto ameumia, hangoji kuombwa na mtu ndipo asimamishe mchezo.

Lakini na wewe! Meza ilikuwa pale pale karibu na benchi lako. Ulipoona amekupita mara ya kwanza, kwa nini hukwenda kwa karani kuomba mapumziko, au ukamtuma mchezaji wa akiba aingie badala ya Huka? Nadhani unajua. Ulitaka akupe yeye, mumeo, mbele za watu. Siku hiyo ulilitaka hilo kuliko ulivyotaka Huka atoke. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Sasa nisikilize. Leo, si kesho, mwambie mwenyekiti wa mashindano kwamba refa wa fainali ni mumeo, ampange mwingine. Baba Hope akinuna, anune. Msikutane tena uwanjani yeye na filimbi na wewe na benchi, hata kwa mechi ya kirafiki. Timu usiiache, wale wasichana hawajakukosea. Na Kau usiende kwanza, mama yako hana dawa ya jambo hili.

Kabla ya Jumamosi nendeni Chewele, wewe na mumeo. Maneno ya sheria yaacheni Garsen. Ketini mbele ya Mzee Jilo, Huka awepo, kila mmoja aseme kosa lake kwa kinywa chake bila kumtaja mwenzake. Goti halitapona kwa hilo, na mzee anaweza kuwafukuza, ana haki. Lakini baba Hope akikataa kwenda, au akifika aanze kukusingizia wewe, nenda Kau, sitakulaumu. Na ukianza wewe kumsingizia yeye, mwanangu, basi achaneni tu, maana hata mbele ya mtoto wa watu mliyemvunja bado mtakuwa mnashindana.