Mpini Upande wa Kushoto

Kanoni, Karagwe
22 Juni 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako cha karibu na dirisha, kwa sababu hapo ndipo mwanga unapokawia kuondoka. Mimi ni mzima. Baba naye ni mzima, isipokuwa mafua kidogo aliyoyapata kwa kuanika kahawa na kuianua kila wingu linapopita. Hofu yetu ni kwako huko hospitalini. Je, bandeji imetolewa? Usingizi unapatikana? Mama mdogo Kokugonza bado anakusimamia mpaka umalize uji? Mpe shikamoo yangu, umwambie aendelee hivyohivyo, asikuonee huruma.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu, mama, kila nikifika katikati ya jambo unasema, haya mwanangu, soma kwa bidii, na mazungumzo yanaishia hapo. Barua haikatizwi. Nimempa baba aibebe pamoja na mkungu wa ndizi za kupika, ebitoke zetu, na kifurushi kidogo cha karatasi ya kaki. Nakuomba usikifungue kifurushi hicho kabla ya kufika mwisho wa barua. Nakujua, lakini nakuomba.

Habari kubwa ni kwamba kikundi chenu cha ushonaji kimenunua mashine ya kukatia vitambaa.

Unajua jinsi kazi ilivyokwama tangu siku ile pikipiki ilipokuangusha njia ya Kayanga. Yale mablanketi ya viraka ya bweni la wasichana yalikuwa yamefika nusu, na mkataji alikuwa wewe tu. Akina mama walijaribu kukata wenyewe. Mama Egbert, pamoja na uenyekiti wake wote, alikata miraba ambayo ukiipanga mezani ilifanana na meno ya mtoto yanayoanza kung'oka. Walishona, wakafumua, wakashona tena. Mwishowe wakakubaliana kwamba fedha ya kikundi inunue mashine.

Mimi sikufurahi, na nitakueleza kwa nini. Siku chache kabla ya hapo Mama Egbert alikuja nyumbani, akautoa mkasi wako mkubwa msumarini, akaufunga kwenye kitambaa na kusema kwamba wewe mwenyewe umempa ruhusa. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikasikia watu wakisema mkasi uko kwa Adventina, mwenzenu wa kikundi, na kwamba mkataji sasa ni yeye. Mama, nilirudi nyumbani nikautazama ule msumari mtupu. Nilijiuliza kama ukirudi utakuta nafasi yako au utakuta kiti cha wageni. Kuanzia hapo kila alilosema Adventina lilinichoma, hata akinisalimia tu.

Kwa kuwa maelezo ya mashine yameandikwa kwa Kiingereza, Mama Egbert alimwomba baba anipe ruhusa niende nao Murongo. Tulienda jana, Jumamosi, mimi, yeye na Adventina. Baba alinipa kahawa za kutafuna nimpelekee mwenye duka, akisema mtu asiingie kwa mtu kununua kitu kikubwa mdomo mkavu.

Mwenye duka anaitwa Bwana Manirakiza. Yeye huleta bidhaa zake kutoka upande wa pili wa mpaka, na hupenda kutaja kwamba karatasi zake zote za forodha zimekamilika hata kabla hujamuuliza. Alipokea zile kahawa kwa mikono miwili, akatugawia, tukatafuna wote. Ndipo akatufunulia mashine mbili.

Zote mbili hufanya kazi kwa namna moja. Kuna ubao, nao wanauita kibao cha kukatia, wenye wembe mrefu uliokunjwa kwa umbo unalotaka na kufichwa ndani ya sponji. Unalaza kitambaa juu ya kibao, tabaka kadhaa kwa pamoja, unafunika kwa plastiki ngumu, kisha unapitisha vyote katikati ya roli mbili zinazobana. Vikitokea upande wa pili, kitambaa kimekatika. Hakuna chaki wala rula.

Mashine ya kwanza ilikuwa ya umeme. Nyeupe, inang'aa, unabonyeza kitufe na yenyewe inameza. Ya pili ilikuwa ya mkono, nzito, rangi imechubuka pembeni, na mpini wa kuzungusha uko upande wa kulia. Adventina alipoona ile ya umeme hakutaka kusikia habari nyingine. Alisema dunia nzima inabonyeza vitufe, sisi tu ndio bado tunazungusha vitu kama tunasaga mahindi. Mama Egbert akamuuliza kama umeme wa Kanoni umewahi kumwahidi kitu ukatimiza. Adventina akajibu kwamba hata mume wake hajawahi, na bado anampikia.

Nilisoma maelezo ya zote mbili. Ile ya umeme haikubali vibao vingine isipokuwa vya kampuni yake, na vilivyokuwepo dukani ni vya mapambo tu: ua, moyo na kipepeo. Niliwaambia kwamba blanketi halijengwi kwa vipepeo. Ile ya mkono hupokea kibao chochote kisichozidi upana wake, na Bwana Manirakiza alikuwa na sanduku zima la vibao vya miraba, pembetatu, kanda ndefu na pembe sita kama sega la nyuki.

Kuchagua vibao kulituchukua muda mrefu kuliko kuchagua mashine. Mama Egbert alikuwa akiokota kila kilichompendeza macho. Nikamwomba tukate kwanza pembetatu mbili katika kitambaa chakavu, nikaziunganisha kwa sindano ya mkono palepale, nikaweka juu ya mraba tulioukata. Zilipungua. Nilikagua vibao nikaona vimetoka kwa watengenezaji wawili, na kila mmoja ameacha nafasi ya mshono kwa kipimo chake. Tukatafuta pembetatu ya mtengenezaji yuleyule wa mraba, na hiyo ilikaa sawasawa, pembe juu ya pembe. Nikawaambia vibao vinavyokwenda pamoja lazima viwe vya ukoo mmoja. Adventina akasema basi haya ni mambo ya kizungu kabisa, maana kwetu wa ukoo mmoja ndio hawaoani. Bwana Manirakiza alicheka mpaka akatema kahawa yake.

Baada ya hapo mambo yakaharibika kidogo. Mama Egbert alitaka kuijaribu mashine ya mkono kwa kitenge cha kweli, si chakavu. Alikuwa amebeba kile chenye majogoo, cha mablanketi yenyewe. Alikilaza kwa uangalifu, majogoo wote wakiwa wamesimama na vichwa vikiitazama mashine, kwa sababu anasema hawezi kumpitisha jogoo ubavu kama anayepelekwa kuchinjwa. Wewe unajua alivyo. Hata kitambaa cha kufunika meza akikuta umekiweka ndege kichwa chini hakai. Tulizungusha, tukatoa vipande, tukapima. Havikuwa miraba. Upande mmoja ulikuwa mfupi kwa upana wa punje ya mchele, lakini kwenye blanketi zima punje hizo zinakuwa kiganja. Mama Egbert akasema mashine ni mbovu. Bwana Manirakiza akasema mashine yake haina kosa, na uso wake ukabadilika. Mama Egbert alianza kukunja kitenge chake, na Adventina akasimama upya karibu na ile ya umeme.

Mimi nilikuwa nimeshika kimojawapo cha vile vipande, na mikono yangu ikafanya yenyewe kile unachokifanya wewe kila siku kabla ya kukata. Nilikivuta huku, nikakivuta kule. Uliniambia zamani kwamba kila kitambaa kina upande unaokubali na upande unaokataa, na mkataji asiyeuliza kwanza hukata uongo. Upande uliokuwa umefupika ndio ulikubali. Roli zilikuwa zimekivuta kikiwa ndani, kikakatwa kikiwa kimenyooka, na kilipotoka kikarudi kwenye urefu wake. Nikamwomba Mama Egbert akilaze kitenge upya, upande unaokataa uelekee kwenye roli. Akasema majogoo watalala. Nikamwambia watalala wakati wa kupita tu, wakitoka tutageuza kipande na watasimama. Alifikiri kidogo, akasema kama ni kulala usingizi na si kufa, sawa.

Vipande vilitoka miraba kamili. Mama Egbert aliwapima majogoo mara mbili, kisha akamwomba Bwana Manirakiza msamaha, naye akasema hakuna neno, kwao pia wako watu wa namna hiyo.

Sasa nafika mahali ninapotaka usome ukiwa umekaa.

Kabla hawajakubaliana bei, niliomba nijaribu mashine mara moja zaidi. Nilivua kanga niliyokuwa nimejitanda, ile yako ya zambarau, nikamwomba Mama Egbert anifunge mkono wa kulia mgongoni. Adventina aliuliza kama watu wa forodha wameshanikamata. Mama Egbert hakucheka. Alifunga fundo polepole. Nikajaribu kuzungusha kwa mkono wa kushoto, nikashindwa, kwa sababu mpini uko kulia na nilikuwa najipinda kama mtu anayejikuna mgongo. Machozi yakanikaribia. Ndipo nikazunguka meza nikasimama upande wa pili. Mama, roli zile huzunguka kwenda na kurudi. Upande wa pili, mpini uko kushoto. Nililaza kibao kwa mkono mmoja, kitambaa juu yake, plastiki juu ya kitambaa, nikazungusha. Sponji hushika kitambaa, huhitaji mkono wa pili. Kikakatika.

Mama, najua kuhusu mkono wako wa kulia. Nilipokuja kukuona wakati wa Pasaka, nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na chupa ya chai, daktari akikueleza kwamba kidole gumba na vile viwili vinavyofuata havitarudi kubana, na kwamba mkasi usahau. Nilikusikia unamwomba asiniambie. Nilirudi nyuma hatua chache, nikakohoa, nikaingia nikitabasamu. Tangu siku hiyo kila ukiniambia kwenye simu kwamba ukirudi utakata mwenyewe, nimekuwa nikiitikia ndiyo mama, na nikikata simu nalia kidogo, kisha nafanya hesabu zangu. Nilitaka mashine ambayo mkono wako wa kushoto unaiweza. Sikutaka nyingine yoyote, hata ingekuwa ya dhahabu.

Lakini sikiliza lililofuata. Mama Egbert aliponifungua fundo, alikuwa analia. Alisema anajua. Alisema ulimpigia simu ukamwambia ukweli wote, ukamwagiza achukue mkasi ampe Adventina awe mkataji, na ukamwapisha asiniambie ili nisipoteze masomo. Nikageuka kumtazama Adventina. Alikuwa amekaa juu ya gunia, amejifunika uso kwa mikono. Alisema mkasi ule aliupokea kwa sababu alilazimishwa na hajakata nao hata uzi. Upo ndani ya sanduku lake, kwenye kitambaa kilekile. Halafu akasema, kwa hasira kabisa, kwani sisi tulidhani yeye anataka kitufe kwa ajili ya nini. Alidhani kitufe hata mtu mwenye kidole kimoja anaweza kukibonyeza. Wewe ndiwe uliyemfundisha kutia uzi kwenye cherehani, alisema, na hawezi kukaa kwenye kiti chako hata akiburutwa.

Kumbe sote watatu tulikwenda Murongo na jambo moja, kila mtu amelificha ili mwenzake asilione. Nilimwomba Adventina msamaha kwa salamu zote ambazo sikumwitikia vizuri. Alisema alidhani ni ugonjwa wa kidato cha tatu. Bwana Manirakiza, ambaye hakuwa akielewa kwa nini wateja wake wote wanalia, alitupunguzia bei bila kuombwa, nadhani ili tuondoke.

Njia nzima ya kurudi tuliimba. Mashine tumeiweka kwa Mama Egbert, na meza tumeivuta kutoka ukutani ili mtu aweze kusimama upande wa pili. Hakuna atakayesimama pale mpaka urudi. Vipande vya bweni tunavikata tukisimama upande ule ambao mpini uko kulia. Leo baada ya ibada Adventina ameleta mkasi. Umerudi msumarini. Huna haja ya kuutumia, lakini ni wako, na msumari sasa una sura yake.

Kwa hiyo, mama, usinifiche tena. Ukiumwa sema unaumwa. Mtihani wangu wa muhula hautaharibika kwa ukweli. Uliharibika zaidi kwa kukohoa nyuma ya mlango. Nimekuwa wa nne darasani, na nina matumaini kwamba muhula ujao nitapanda.

Baba anakusalimu sana. Anasema mgomba wa pembeni mwa jiko umezaa, anakungojea. Mama Egbert anakusalimu, anasema majogoo wamesimama wote. Adventina anasema amechoka kukaa mkutanoni bila mtu wa kumgombeza.

Sasa fungua kifurushi. Hivyo vipande vya kitenge nilivikata mimi kulekule dukani, kwa mkono wa kushoto peke yake, kanga yako ikiwa imenifunga. Viweke juu ya kitanda, uvisogeze kwa mkono wako wa kushoto mpaka kingo zikutane. Zitakutana. Kisha virudishe na baba, usivishone huko. Ndio mwanzo wa blanketi lako, na vipande vingine vyote utavikata wewe.

Mungu akulinde na akuharakishe kurudi.

Mimi mwanao akupendaye,
Evaresta