Libanga Yangu Iko Wapi, Kakule?

Kakule, mutoto ya mudogo wangu, weye mwenye kujificha kule Beni,

Kwanza ujue unasoma barua ya nani. Muziki ya rock iliingia Butembo kupitia mulango ya parsele yangu, kiwanja yenye nyumba yangu, hapa Bulengera. Kabla yangu, batu ba huku balikuwa banacheza na mabega tu. Miguu, ni mimi niliifungua. Uliza mutu yeyote mwenye umri.

Sasa, kwa sababu batoto ba Beni banaruka mukipiga muziki na kikundi yenu, unafikiri ulijizaa mwenyewe?

Unakumbuka mara ya kwanza munapiga, kule Vulamba, nyuma ya duka? Nani alileta vyombo? Juu ya pikipiki moja nilipakia ngoma zote, bafle mbili za kutoa sauti, weye na gitare yako, na Masika mupiga-ngoma juu ya bafle kama malkia. Matope mupaka magoti. Niliendesha na mukono moja. Ule ingine nilikuwa nasalimia nayo batu. Balikuja batu kidogo tu, na mbuzi ya mwenye duka. Lakini mama muuza makala aliacha mifuko yake, akacheza mupaka kandambili ikakatika. Weye ulinitazama ukacheka. Siku ile ulikuwa mutoto wangu.

Kisha mukapiga tena na tena, kila fasi yenye umeme. Redio haikuwapiga, diski hamukuwa nayo. Mutu anacheza leo, kesho analeta dada yake. Ni vile mulikua, nakubali. Mais répétition, yale mazoezi yenu, mulifanyia kwa nani, mupaka kuku zangu zikakataa kutaga?

Nilikuomba kitu moja: libanga. Hata orchestre za Kinshasa zinaitupa: katikati ya wimbo mwimbaji anaita jina ya mwenye kumusaidia, na ule mutu anasikia amezaliwa upya. Weye ukanijibu mbele ya batoto bangu:

— Baba mukubwa, sisi hapana kutupa mabanga. Mwenye kupenda acheze, basi.

— Hata moja, Kakule? Jina yenyewe ni fupi: Paluku!

Na ule Masika wako, meno yote inje:

— Baba mukubwa, jina yako haina rythme, haichezeki.

Jina yenye baba yangu alinipa! Haina rythme!

Kisha mukabeba vyombo, mukaenda kukaa Beni, kule Ruwenzori. Hata kwaheri, hapana.

Nasikia Siku ya Mungu, Jumapili inayokuja, mutapiga hapa Butembo. Batu banaongea juu yenu mupaka kwenye mulango ya kanisa. Vizuri. Donc, basi, nisikilize. Nimekwisha kuambia avenue yetu yote, nyumba kwa nyumba, kwamba jina yangu itaitwa. Bote batakuja kusikia. Usipoiita, usipite tena mbele ya parsele yangu, na ile kinywa yako isiniite tena baba mukubwa. Tafuta mwingine. Beni iko na bazee bengi.

Na kabla batu bakuambie, nakuambia mimi mwenyewe. Nilikuja kuwaona mukipiga kule Beni. Nilisimama nyuma, kofia mupaka kwenye macho. Nilicheza, kidogo. Nikangoja. Ulipokatisha sauti ya gitare, ikabaki ile fasi tupu, yenye kutosha libanga. Nikashindwa kuvumilia. Nikaita mimi mwenyewe, na nguvu yote: «Palukuuu!»

Weye unajua, kwetu Banande, muzaliwa wa kwanza mwanaume mara mingi anaitwa Paluku. Nusu ya batu ndani ya salle bakaitika: «Eee!»

Kijana mwenye kusimama karibu yangu akanishika mukono, na huruma:

— Muzee, unatafuta Paluku gani?

Nikamujibu:

— Ule murefu. Naona amekwisha kutoka.

Nikatoka kumufuata.

Baba mukubwa yako,
ule wa Bulengera