Kilichodondoka ni cha Nani

Naipingo, Nachingwea
Desemba, mvua za kwanza

Kaka yangu mpendwa,

Mwangaluka. Nakuamkia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mahindi hapa kibarazani, maana viti vyetu vyote vimeazimwa kwenye arusi ya jirani. Mgongo wako vipi? Ile dawa ya mama wa sokoni imekusaidia, au bado unaamka umejipinda? Na paka wako asiyekamata panya bado yupo? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako alishikwa na malaria wiki nzima, kisha akaanza tena ubishi wake, ndipo nikajua amepona kweli. Mimi sina neno, ila hamu ya sato inanitesa. Samaki wanaotufikia huku wamekaushwa na kutiwa chumvi ya kutosha kaya tatu.

Barua yako nimeipata, na kifurushi pia. Majirani walinicheka, eti siku hizi nani anaandika barua? Nikawaambia kaka yangu ni mwalimu mstaafu, na sisi wawili kwenye simu hatumalizi dakika tano kabla hatujakatana maneno. Afadhali karatasi. Mpwa wako Kabula alilivaa lile sweta jekundu ulilomtumia palepale, mchana wa jua kali, akaenda nalo kisimani na kurudi akitiririka jasho. Limemkaa vizuri. Ulijuaje kipimo chake na hujamwona miaka mitatu?

Sasa nijibu swali lako. Lakini kabla sijajibu nitaandika kwanza ulichosema wewe, uone kama nimekuelewa. Usishangae, nitakueleza utaratibu huu nimeutoa wapi.

Umesema Kabula ana akili, na akili isipopata pa kwenda inaoza. Umesema umemtafutia nafasi katika shule nzuri hapo Sengerema, wanafundisha kwa Kiingereza na wana kompyuta, na kwamba Januari aje akae kwako. Umesema shule anayosoma hapa Nachingwea inafundisha mambo ya kale: Kilatini ambacho hakuna anayekizungumza, mantiki, kukariri sala ndefu, habari za Wagiriki waliokufa zamani. Ukauliza, mtoto wa mfugaji atamsalimia nani kwa Kilatini, ng'ombe? Ndivyo ulivyosema?

Kaka, swali hilo hata mimi lilikuwa linanitembea kichwani. Nilimpeleka pale kwa sababu ni shule ndogo, imeanzishwa na wazazi wa kanisani, madarasa yake yapo kwenye jengo la zamani la misheni, na mwalimu anajua jina la kila mtoto. Siku za shule analala kwa mke wa katekista pale mjini, Ijumaa jioni anarudi nyumbani. Mengine sikuyajua. Nilichoona ni kwamba mtoto amegeuka. Alianza kuniuliza kwa nini Kisukuma tunasema hivi na si vile, mambo ambayo mimi nimeyasema tangu nizaliwe bila kuyatazama. Siku nyingine nilimwambia, "Watu wote wa hapa hawatupendi." Akaniuliza, "Wote, Mama, au baadhi?" Nikakumbuka kwamba jirani aliyenipa mbegu za mbaazi alikuwa ametoka mlangoni kwangu muda huohuo.

Udadisi ukanizidi. Siku moja nikapanda pikipiki hadi mjini, nikaomba kukaa nyuma ya darasa. Mwalimu wao anaitwa Agripina, mama mfupi mwenye sauti ya kuita kuku. Walianza kwa sala, kisha wakaimba maneno ya Kilatini mengi, watoto wote pamoja, wanapiga makofi. Sikuelewa hata moja, lakini mguu wangu ulicheza. Halafu ukaja mjadala: je, mbwa anayelinda nyumba ale kabla ya mwenye nyumba? Nikasema moyoni, hili nalo ni somo? Lakini sikiliza sheria yao. Huruhusiwi kumjibu mwenzako mpaka kwanza urudie alichosema, tena vizuri, kisha umuulize, "Ndivyo ulivyosema?" Akisema "Sivyo," unaanza upya. Kaka, nusu saa nzima ilipita kabla mtu hajapata ruhusa ya kubisha! Mimi nimekaa pale natamani kusimama niwajibu wote.

Baadaye nilimfuata mwalimu. Nikamuuliza Kilatini ni cha nini, akanieleza kirefu, na nakiri sehemu kubwa ilinipita. Nikamuuliza tena, haya ya kubishana yana Ukristo gani? Akasema, "Mama Kabula, ukweli wote ni wa Mungu. Hata ukiukuta mdomoni mwa anayekupinga, bado ni wa Mungu. Sasa utaukutaje kama hukumsikiliza?" Nilirudi na maneno hayo njia nzima, nayageuzageuza. Bado sikuwa nimekata shauri.

Sasa nikupe kisa chenyewe. Unajua kwamba mwaka huu ni wa kwanza kwetu hapa Naipingo. Zamani tulikuwa Nambilanje, upande wa Ruangwa, tukichungia porini mbali na mashamba ya watu, mpaka tulipofukuzwa. Huku tumezungukwa na mikorosho. Na kumbe, kaka, korosho huku haichumwi! Inaachwa mtini mpaka iive, idondoke yenyewe pamoja na bibo lake, yaani lile tunda, halafu mwenye shamba anapita na ndoo anaokota. Kwa hiyo shamba lenye matunda yaliyotapakaa chini ndilo shamba lililo katika mavuno. Nani angetuambia? Kwetu embe likidondoka ni la mbuzi.

Jumamosi moja Kabula alikuwa na ng'ombe. Akaona mabibo mekundu na ya njano yamelala mchangani, akadhani mwenyewe ameyatupa. Akawaachia ng'ombe. Wakala mabibo, wakameza korosho, na zilizobaki wakazikanyagia ardhini. Aliporudi alimsimulia baba yake kwa furaha jinsi walivyoshiba.

Shamba lilikuwa la Bi Somoe, mama mtu mzima, mjane, anayeishi ng'ambo ya barabara. Aliona kwato, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Jumamosi iliyofuata tukaitwa mbele ya ofisi ya kijiji, wakulima upande huu, sisi wafugaji upande ule. Bi Somoe akasimama. "Mimi nimeamka na ndoo yangu nikaokote, nakuta kwato tupu! Korosho yangu ya mwaka mzima. Hawa watu tumewapokea, wametulipa nini?" Watu wakapiga kelele.

Shemeji yako akasimama. Akasema, "Ng'ombe wangu hawakufika huko. Wafugaji tuko wengi."

Naye anajua. Na mimi najua, na nilinyamaza, kaka. Naandika haya kwa aibu. Niliogopa kwamba tutafukuzwa tena, tufunge mizigo tena.

Kabula akanyoosha mkono kama yuko darasani. Mwenyekiti akasema, "Haya, mtoto ana nini?" Baba yake akamkazia macho, lakini alikuwa ameshasimama. Akaanza na Bi Somoe. "Bibi, umesema korosho yako huwa unaiokota chini, na kwamba ulikuta ng'ombe wameila kabla hujaiokota. Na umesema mlitupokea vizuri, kwa hiyo inakuuma zaidi. Ndivyo ulivyosema?"

Bi Somoe alimtazama, kelele zikapungua. "Hivyo hivyo, mjukuu wangu."

Kisha akamgeukia baba yake. "Na baba amesema ng'ombe wake hawakufika kwenye shamba la Bibi. Baba, ndivyo ulivyosema?"

Shemeji yako unamjua, mtu wa maneno. Siku hiyo alitazama kofia yake, akaizungusha mikononi, akaizungusha tena. Nilijua kwamba akisema ndiyo, atakuwa amemdanganya mtoto huyu machoni, mbele ya kijiji kizima. Mwisho akasema, taratibu, "Sivyo."

Kabula akasema, "Mimi ndiye niliyewaingiza. Nilidhani yaliyodondoka hayana mwenyewe." Basi wale wakulima wakatazamana. Mzee mmoja akaropoka, "Kumbe hawa hawajui korosho!" Wakacheka mpaka wengine wakajishika mbavu, nasi tukacheka kwa kuona haya. Bi Somoe hakucheka. Alisema, "Mimi sitaki ugomvi. Baba yake ana plau na maksai, aje anilimie shamba langu la mahindi kabla mvua haijakolea. Mimi kwa jembe la mkono mgongo umekwisha." Ikaisha hivyo.

Lakini nyumbani haikuisha. Shemeji yako alikaa siku tatu hasemi na mtoto. Siku ya nne kikafika kifurushi chako, na barua. Akaisoma yote, akasema, "Kaka yako ana akili kuliko sisi. Shule gani hii inamfundisha mtoto kumvua baba yake nguo mbele ya watu? Januari aende Sengerema." Nililia, kaka. Nisamehe, si kwamba sina imani nawe. Lakini nilikuwa nimeanza kuona ni kitu gani mtoto anapewa pale, na sasa kinaondoka kabla sijakifahamu. Kabula hakubisha. Alilikunja sweta, akaliweka juu ya sanduku.

Shemeji yako akaenda kulipa deni kwa plau. Siku ya kwanza alilima kimya, siku ya pili Bi Somoe akamletea ugali wa muhogo na kisamvu, wakaketi. Akamwuliza, "Hivi mwanao wanamfundisha nini huko?" Akamjibu kwa hasira, "Kilatini. Lugha ya wafu. Anakariri asichokijua." Bi Somoe akacheka kweli sasa. "Baba, na wangu je? Wajukuu wangu chuoni kwa ustadhi wanasoma Kiarabu miaka mitatu, minne, na maana yake hawaijui. Maneno yanakaa tumboni. Siku yakihitajika yanatoka. Ya mwanao yametoka mapema tu." Akanawa mikono, kisha akamwambia, "Mimi sijui hayo ya kanisani kwenu. Lakini ningekuwa na ng'ombe, yule ndiye ningempa anichungie."

Haya shemeji yako aliniambia mwenyewe jioni ile, bila kuulizwa, huku akiosha plau.

Juzi akaja Masanja, mfugaji mwenzetu tuliyehama naye kutoka Nambilanje, amefura kwa ajili ya zamu za kunywesha ng'ombe lamboni. Anasema huyu kamzidi, yule kamzidi. Mimi na Kabula tunabangua karanga pembeni. Nikasubiri shemeji yako alipuke kama kawaida yake. Akainua mkono, akasema, "Subiri, Masanja. Ngoja kwanza niseme ulichosema wewe." Kaka! Kabula alinitazama, nami nikamtazama, tukaficha nyuso kwenye kanga. Masanja alipoulizwa, "Ndivyo ulivyosema?" akakuna kichwa, akasema, "Ndivyo, lakini ukisema wewe naona si jambo kubwa hivyo."

Asubuhi yake shemeji yako akaniambia, "Mwandikie kaka yako."

"Nimwandikie nini?"

"Mwandikie mtoto anabaki." Akatembea hatua mbili, akageuka. "Ila asinifanyie tena mbele ya watu. Nyumbani, sawa."

Hilo ndilo jibu letu. Najua litakuuma, maana wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, na kila herufi ninayoandika hapa ni ya mkono wako. Kuhusu kompyuta una haki, wala sibishi, itabidi tutafute njia. Na Kilatini bado sijajua hasa ni cha nini. Kabula ananifundisha neno moja kila tukienda kisimani, nimefika neno la kumi na moja, na naona raha ambayo siwezi kuieleza. Labda na hiyo ni sehemu ya jibu. Wewe mwalimu utaniambia.

Sweta silirudishi. Juni Kabula atakuja kwako likizo nzima, baba yake amekubali, na atalivaa ndani ya basi.

Msalimie mama mkwe wako, umwambie bado nakumbuka uji wake. Msalimie binamu yetu fundi baiskeli, na mdogo wetu wa mwisho kama ameacha kununa. Mpe pole mchungaji kwa msiba wa dada yake. Shemeji yako anakusalimu, na Bi Somoe, ambaye hakujui, amesema nikusalimie pia. Ukijibu, usianze na hoja zako. Anza na nilichosema mimi.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Mbuke

Mjomba, shikamoo. Mama amenipa nafasi hii ndogo chini. Mama hajamaliza kuandika ulichosema. Mwisho kabisa wa barua yako uliandika kwamba tangu mke wako afariki nyumba imekuwa kimya, na kwamba jioni unawasha redio ili kuwe na mtu anayezungumza. Ndivyo ulivyosema?

Kabula