Nani Kafanya Hivi?

Dada yangu mpendwa,

Huku hatujambo, ila kitinda mimba kang'oka jino na hataki kucheka. Nami, baada ya miaka kumi ya kukaa nyumbani, sasa ni karani wa masijala. Napokea barua, nazigonga mhuri, naweka kila moja kwenye jalada lake.

Siku ya nne nilichemka. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kuulizia barua yake, tukakuta jalada tupu. Tulitafuta mpaka jasho likanitoka. Kumbe nilikuwa nimeitia kwenye jalada la mtu mwingine mwenye jina kama lake!

Mkuu wetu akauliza, "Nani kafanya hivi?"

Wenzangu wakainamia meza zao. Nikasema, "Ni mimi, mama."

Akanitazama. "Miaka sita nauliza swali hilo," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kunijibu." Akanikabidhi funguo za makabati.

Shemeji yako alikuwa amenuna tangu nianze kazi; hata salamu alinipitishia kwa mtoto. Jana nilimsimulia mkasa huo. Leo asubuhi nimekuta blauzi yangu imepigwa pasi mpaka kola.

Naishia hapa, nisichelewe kazini.

Mdogo wako